Mpangaji wa Sikio la Kushoto

Nyundo zote za chelezo cha kutengenezea meli zilikuwa zimelala siku ile, maana ilikuwa tarehe mosi, siku ya mapumziko, na Mama Inok alikuwa amechuchumaa uani akitia chumvi kabichi za kimchi aliposikia birika likipiga mluzi ndani.

"Inok! Epua birika, litaungua!"

Binti yake, mwanafunzi wa miaka kumi na saba, akatoa kichwa mlangoni, kalamu kinywani. "Birika gani, mama? Si hilo hapo mguuni pako?"

Kweli, birika lilikuwa pale pale kando ya beseni, lina maji ya baridi, limetulia zake. Lakini mluzi haukukoma. Ulikuwa mwembamba, wa juu, mluzi wa mtu asiyehitaji kuvuta pumzi. Mama Inok akafunga bomba. Akamwomba jirani azime redio, jirani akamjibu redio iko kwa fundi tangu juzi. Mwisho akaziba sikio la kulia kwa kiganja. Mluzi uko vile vile. Akaziba la kushoto, na mluzi haukupungua bali uliongezeka, kana kwamba mle ndani mna mtu na yeye ndiye aliyemfungia mlango.

"Vipi, mama?"

"Hakuna kitu. Soma."

Hakumwambia mtu. Pale kisiwani Yeongdo, ng'ambo ya daraja kutoka mji wa bandari wa Busan, ambako karakana za meli zimebanana mlango kwa mlango, mambo ya masikio yalikuwa hayasemwi. Mwaka ule wa 1978 wanawake wa mtaa walikuwa wakining'inia ubavuni mwa meli kuukuu tangu alfajiri hadi jioni, wawili wawili juu ya ubao uliofungwa kwa kamba, wakigonga kutu kwa nyundo, kang, kang, kang, mpaka chuma kiwe safi tayari kwa rangi. Wengi walikuwa wajane wa bahari. Mume wa Mama Inok, Sudol, alikwenda kuvua jodari bahari za kusini na meli haikurudi, wala mwili, wala hata kofia. Miaka kumi na mmoja sasa nyundo ndiyo iliyomlisha yeye, mtoto, na mama mkwe.

Na mwanamke aliyesema masikio yake yanalia, kesho yake hakuwa na ubao. Nyapara wao, Bwana Pyo, jitu la shingo nene, alikuwa na msemo wake: "Kiziwi akianguka, atakayekwenda kujibu ni mimi." Mama Gapdeok aliropoka mara moja tu, akarudishwa nyumbani. Miezi miwili baadaye, saa nne asubuhi, jua linawaka, watu wanauza samaki, Mama Gapdeok aliteremka ngazi za gati akaingia baharini taratibu, maji magotini, kiunoni, shingoni, kama mtu aliyeitwa na anaogopa kuchelewa. Walipomtoa, kiganja chake kilikuwa bado kimebana sikio.

Kwa hiyo Mama Inok alinyamaza, na kile kitu kikaona kimekaribishwa.

Wiki ya kwanza kilikuwa mluzi. Wiki ya pili kikawa nyenje, maelfu ya nyenje, na nje maji ya ndoo yameganda barafu. Wiki ya tatu, usiku mmoja, Inok amelala, nyumba kimya, joto la makaa linapanda kutoka chini ya sakafu, Mama Inok alianza kusikia nyuma ya nyenje wale kitu kingine, nyundo moja, mbali sana, chini ya maji, ikigonga polepole kama anavyogonga mtu aliyefungiwa tumboni mwa meli iliyozama ili walioko juu wamsikie, na pamoja na mlio huo ikaja harufu, kutu mbichi na mwani uliooza, ikapanda kutoka kwenye mto wake mwenyewe, ikamjaa puani na kooni, naye amejikunja anasaga meno, mpaka akashindwa kujizuia, akanong'ona gizani, "Nani?"

"Umemsikia?"

Sauti ilitoka karibu kabisa na uso wake. Nusura apige ukelele. Alikuwa mama mkwe, amepiga magoti kando ya tandiko, nywele nyeupe zimemwagika mabegani.

"Ni Sudol," bibi kizee akanong'ona. "Nilijua. Nilijua tu iko siku atakuja. Anasema nini?"

"Si Sudol, mama. Ni masikio yangu tu."

"Masikio hayanuki bahari, mwanangu."

Mama Inok akausukuma mto mbali. Alikuwa amejipa moyo kwamba harufu ile ni ya kichwani mwake.

Tangu usiku huo hakupata raha. Alfajiri akifungua macho alikuta shavu la mama mkwe limelala juu ya shavu lake, kavu kama karatasi, sikio juu ya sikio, bibi kizee amefumba macho anasikiliza ndani ya kichwa cha mkwewe kama mtu anayetegea maneno ya chumba cha pili. Mara nyingine alitabasamu. Mara nyingine aliitikia, "Ee, mwanangu. Ee, nitamwambia." Na Mama Inok, mwenye sikio lenyewe, alikuwa hajasikia neno lolote.

Kitu kile kilipomtamkia yeye, ilikuwa mchana kweupe.

Walikuwa ubavuni mwa meli ya mizigo, juu kama ghorofa nne, yeye na Mama Chilsun, mwenzake wa ubao kwa miaka tisa, mwanamke mfupi mwenye mdomo usio na breki. Filimbi ya chakula ikalia, nyundo zikakoma zote kwa pamoja, na ndani ya kimya hicho kile kitu kikaja mbele. Mluzi ukakatika vipande, vipande vikawa maneno. *Shuka.* Akatikisa kichwa. *Shuka, huku ni kimya.* Na hilo neno, kimya, lilikuwa tamu kuliko wali wa moto, na chini kabisa sakafu ya chelezo ilikuwa imelowa maji inang'aa kama kitanda kilichotandikwa, na akaona mikono, ambayo alijua ni yake kwa sababu ya kovu la kidole gumba, inafungua fundo la kamba ya kiunoni, bila haraka, kwa ustadi, kitanzi cha kwanza, kitanzi cha pili, na ndani yake hamkuwa na hofu hata chembe, na hilo ndilo lililokuja kumtisha baadaye kuliko yote, kwamba alikuwa akifungua kamba huku ameridhika kabisa, kama mtu anayevua viatu mlangoni mwa nyumba yake.

"We! Mama Inok! Una kichaa?" Mama Chilsun alikuwa amemkamata ukosi kwa mikono miwili, ubao unayumba. "Unataka chakula chako nikile mimi?"

"Linasema," Mama Inok akajibu. "Mama Chilsun, linasema."

Mwenzake hakuuliza ni nini kinachosema. Alimtazama tu, uso umemwiva kwa baridi na woga, kisha akamfunga tena kamba, mafundo matatu. "Nyamaza," akanong'ona. "Pyo yuko chini. Nyamaza kabisa."

Mama mkwe aliposikia habari hiyo hakuogopa, alifurahi. "Si nilikwambia? Anakutaka." Akamwita mganga.

Mganga Okdang alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, ambaye mlio wa upatu wake wa shaba ulijulikana mpaka sokoni ng'ambo ya daraja. Alitandika mkeka juu ya mawe ya ufukweni mchana wa jua kali na upepo, akapanga wali, matunda, samaki mkavu na pombe ya soju. Akachukua bakuli la mchele, akalifunga ndani ya kitambaa cheupe, akalitupa baharini likiwa na kamba ndefu, ili roho iliyopotea ipate pa kushika. Mama Inok akapewa mwanzi mbichi wenye majani, aushike kwa mikono miwili. Inok alisimama nyuma yake amekunja ngumi ndani ya sweta.

Upatu ukaanza. Ulikuwa mkali, na kila ulipopigwa mluzi wa sikioni uliinuka kuufikia, vikashindana, vikapanda pamoja, upatu na mluzi, mluzi na upatu, mpaka Mama Inok hakujua tena kipi kiko nje na kipi kiko ndani, na mwanzi mikononi mwake ukaanza kutetemeka, kwanza majani, halafu shina, halafu mabega yake mwenyewe.

"Umekuja?" mganga akauliza.

Mwanzi ukainama.

"Wewe ni nani?"

Jibu lilitoka kooni mwa mganga huyo huyo, lakini kwa sauti ya kiume, ya maji maji. "Sudol. Mama, huku ni baridi. Mwambie mke wangu aje."

Bibi kizee akaanguka kifudifudi juu ya mawe. "Mwanangu! Mwanangu wee!" Kisha akainua uso, akamgeukia mkwewe, na macho yake hayakuwa ya mtu anayeomba. "Umemsikia. Nenda."

"Bibi!" Inok akapiga kelele. "Bibi, unasema nini?"

"Nenda kwa mumeo!"

Mwanzi ulikuwa tayari unamvuta. Mawe yakamteleza chini ya miguu. Maji ya Desemba yakamng'ata vifundo, yakafika magotini, na ndani ya sikio lile neno tamu likarudi, kimya, kimya, huku ni kimya, na binti yake amemng'ang'ania kiuno analia, "Mama usiende, mama, mama!"

Ndipo hasira ikampanda. Haikuwa hofu tena. Ilikuwa hasira ya mwanamke aliyegonga kutu miaka kumi na mmoja akalisha vinywa vitatu, halafu anakuja mtu asiyechota hata kata moja ya maji, anamwamrisha ndani ya kichwa chake mwenyewe. Akakita mwanzi kwenye mchanga kama anayechimbia nguzo.

"Ngoja kwanza!" akafoka. "Kama wewe ni Sudol, siku unaondoka ulivaa viatu gani?"

Mkono wa mganga ukasita, upatu ukanyamaza. Yakabaki mawimbi tu.

"Viatu vyangu," ile sauti ikasema. "Vya mpira. Vyeusi."

"Miguu yote miwili?"

"Yote miwili."

"Mwongo mkubwa wee!" Mama Inok alipaza sauti mpaka wauza samaki wa gatini wakageuka. "Mume wangu aliondoka kalewa chakari! Mguu mmoja kiatu chake cheusi, mguu wa pili cha kwangu cheupe, kisigino kiko nje! Mtaa mzima ulicheka! Nilitembea majira yote ya baridi na kiatu kimoja cheupe na kimoja cheusi nikimlaani! Na wewe hujui? Sudol gani asiyejua hilo?"

Kutoka mawe ya ufukweni ikaja sauti ngeni, ya kukwaruza; bibi kizee alikuwa anacheka. Alicheka amelala pale pale, na kicheko kikageuka kilio katikati.

"Kweli," akasema. "Kweli kabisa. Nilimwambia, Sudol, utapanda meli hivyo, watu wakucheke? Akaniambia, mama, acha, ndiyo nipate sababu ya kurudi kubadilisha." Akajiinua kwa viwiko. Miaka kumi na mmoja alikuwa hajamlilia mwanawe, maana hakuwa ameona mwili. Sasa alilia machozi yanachuruzika hadi kidevuni, akatambaa mpaka ukingo wa maji, akatema mate kwenye povu. "Wewe si mwanangu! Mwanangu amekufa! Mwachie mkwe wangu mwanzi, mwanaharamu mkubwa!"

Mwanzi ukapasuka mikononi mwa Mama Inok kwa mlio wa mfupa. Sikio likapiga yowe, yowe moja refu lililomwangusha juu ya binti yake. Halafu yowe likashuka, likashuka, likawa mluzi mwembamba, kama siku ya kwanza.

Jini lenyewe halikutoka.

Baadaye, Inok alipokuwa akimkausha bibi yake miguu, mganga alisogea akakaa karibu na Mama Inok akijifanya anakunja kitambaa.

"Nimeshindwa, mwanangu," akasema chini chini. "Sina ngoma ya kulitoa hilo. Ningekuwa nayo ningelitoa kwanza langu." Akagusa sikio lake mwenyewe. "Miaka ishirini na miwili. Upatu huu huu ndio ulioniletea. Langu huniita kwa sauti ya marehemu dada yangu, na alivyokuwa akinipenda, wee acha tu."

Mama Inok akamkodolea macho. "Sasa unaishije?"

"Kwa ubishi. Likisema inuka, mimi naketi. Likisema njoo, natafuta la kufanya. Na usiliachie nyumba kimya, nyumba kimya linaiona yake. Acha bomba lidondoshe maji. Washa redio hata vituo vimefungwa, ule mvumo wake peke yake unatosha. Litakuwepo, lakini litakaa uani kama mbwa wa jirani." Akafunga furushi lake, akasimama. "Halafu usilifiche. Mama yule aliyeingia baharini mwaka juzi, mlimwacha alibebe peke yake. Jini hili linanenepa kwa siri."

Usiku ule Inok aliweka redio kuukuu kichwani pa mama yake, akaizungusha mpaka mahali pasipo na kituo, ikavuma kama mvua ya mbali. Mama Inok hakulala vizuri, lakini alilala. Alfajiri alifungua macho akakuta mama mkwe ameketi pembeni, hakumlalia, amemshikia kikombe cha chai ya shayiri.

"Bado lipo?" bibi kizee akauliza.

"Lipo."

"Linasema nini?"

"Upuuzi, mama. Upuuzi mtupu."

"Basi kunywa, isije ikapoa."

Jumatatu alipanda ubao kama kawaida. Aligonga mpaka saa sita. Filimbi ya chakula ilipolia na nyundo zikakoma, alishika kamba akasimama wima, na kabla lile jini halijapata nafasi ya kufungua kinywa, akafungua chake.

"Sikio langu linalia!"

Chini, Bwana Pyo akainua kofia yake ya chuma. "Nani huyo?"

"Mama Inok, ubao wa tatu! Lina jini, linanipigia mluzi tangu Novemba! Wiki iliyopita liliniambia niruke. Sikuruka. Sitaruka. Nani mwingine analo?"

"Shuka! Kusanya vitu vyako, uende!"

Mama Inok akahisi kwa mbali ule utamu ukimjia tena, shuka, shuka, sauti mbili sasa zikisema neno moja, ya nyapara na ya sikio. Akakaza mkono kwenye kamba. Kisha kando yake Mama Chilsun akapiga chuma kwa nyundo, kang!

"Ukimshusha yeye, unishushe na mimi," akasema Mama Chilsun. "Langu linalia kama nguruwe anayepelekwa machinjoni. Mwaka wa sita huu. Nilidhani ni mume wangu anakoroma, nikampiga mateke bure."

Kicheko kikapasuka ubao wa chini. Halafu kang, nyundo nyingine, upande wa tezi, nyuma ya meli. "Langu ni basi linapanda mlima, halifiki!" Kang. "Langu ni mtoto analia, na mimi sijazaa!" Kang, kang, kutoka mbele, omo, hadi tezi, wanawake waliovimba kwa nguo za baridi na kufunikwa vitambaa mpaka machoni, kila mmoja akitaja lake kwa sauti, wengine wakicheka, wengine wakifuta macho kwa glavu, na mwanamke mmoja wa ubao wa juu kabisa akasema tu, "Langu pia liliniambia niruke," na hakuna aliyemcheka huyo.

Bwana Pyo alizungusha shingo yake nene akiwahesabu. Meli ilitakiwa majini Jumamosi.

"Fungeni midomo, mle chakula," akasema hatimaye.

"Tutakula," Mama Inok akajibu. "Na kuanzia leo tunaziba masikio kwa pamba. Filimbi yako hatutaisikia, bwana nyapara. Utatupungia kitambaa."

Na alipunga. Kitambaa chekundu, kila siku saa sita, uso umemkunjamana kama mtu aliyelamba ndimu.

Kuna siku ambazo jini lilimshinda. Kuna siku alikaa jikoni amejifunika taulo kichwani na kutukana mpaka matusi yakamwishia. Lakini aliendelea kugonga miaka mitatu zaidi, Inok akamaliza shule akapata kazi posta, na mama mkwe akafa kitandani pake akiwa amemshika mkwewe mkono. Wanawake walikuja mlangoni kwake, mara mmoja mmoja, mara wawili wawili, kuuliza wafanye nini likiwaita. Aliwaambia yote aliyoyajua, na hayakuwa mengi.

Jioni moja ya mvua, mwaka wa nne, akagonga hodi mtu asiyemtarajia. Alikuwa Bwana Pyo, kofia mkononi, maji yanamtiririka. Shingo ilikuwa imepungua.

"Mama Inok," akasema, akapeleka mkono kwenye sikio.

"Tangu lini?"

"Jumapili ya juzi. Usiku silali. Linaniita jina langu la utotoni." Alikuwa ananong'ona, jitu zima, anatazama nyuma begani kwake, kule njia inakoteremkia gatini. "Nilikuwa nakwenda... sijui nilikuwa nakwenda wapi. Nimeona taa yako."

Mama Inok angeweza kusema mengi. Alikuwa amejiandalia hata maneno, zamani, juu ya ubao. Alimtazama tu magoti yaliyolowa maji ya chumvi, akafungua mlango wote. "Ingia. Vua viatu. Kaa pale."

Akafunga mlango. Akamketisha karibu na redio, na yeye akaenda kuchukua kikombe. Hapo akasimama ghafla, mkono hewani, kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kabichi sikio lake la kushoto lilikuwa kimya. Kimya kabisa. Hakuna mluzi, hakuna nyenje, hakuna nyundo. Harufu ya kutu ikajaa chumbani.

Akamgeukia Pyo. Naye alikuwa amekodoa macho, kiganja sikioni. "Limeacha," akanong'ona. "Mama Inok, limeacha. Limetoka?"

Halikuwa limetoka. Alilijua kama anavyojua mkono wake. Lilikuwa linasikiliza. Yote mawili yalikuwa yanasikilizana, lake na la Pyo, mahali fulani katikati ya chumba, juu ya mvumo wa redio, kama watu wa kijiji kimoja waliokutana ugenini. Kisha mluzi ukarudi, na mara hii ulikuwa na mwenzake, sauti mbili.

Mama Inok akavuta kigoda akakiweka mbele ya mlango, akakikalia, miguu ameitanua, nyundo yake ya kazi magotini. Akamsukumia Pyo chai ya moto.

"Salimianeni," akasema kwa sauti kubwa, akiitazama hewa tupu. "Salimianeni mpaka mchoke. Lakini humu ndani leo haondoki mtu."